Mstari Ulioshuka Mchana

Watu wa Dilala, mtaa wetu wa Kolwezi, huniuliza ninafanya kazi gani, nami nimechoka kueleza. Nikisema ninachora saketi, wananiletea redio zilizokufa. Nikisema kazi yangu ni ya kompyuta, wananipa simu ambazo wamesahau namba zake za siri. Ukweli ni kwamba ninabuni chipu za silikoni za masafa ya maikrowevu, vipande vidogo kuliko punje ya mchele, na mtaani kwetu kazi hiyo haina jina. Jirani mmoja aliposikia neno maikrowevu aliamua kwamba ninatengeneza majiko ya kupashia chakula, akaanza kuuliza bei. Nilimwacha na jiko lake.

Nilijifunza kazi hii ng'ambo na kuifanya huko kwa miaka mingi. Mama alipofariki nilirudi Kolwezi, kwa sababu baba alibaki na miguu isiyomtii na mtoto wa kiume asiyejua kupika hata chai. Wakubwa wangu wa kule walikubali nifanyie kazi nyumbani, mradi michoro iwafikie kwa wakati. Basi nikaweka paneli za jua juu ya paa, betri chini ya kitanda alichokuwa akilalia mama, na sahani ya intaneti kwenye mlingoti wa kamba ya nguo. Nguo tukaanza kuzianika juu ya ua wa maua, na baba akalalamika mpaka akachoka mwenyewe.

Nyumba yetu ni moja ya zile zilizojengwa zamani na kampuni ya migodi kwa ajili ya wafanyakazi wake. Baba alikuwa msimamizi wa wachimbaji wa chini, na alipostaafu nyumba ikabaki yake. Mbele kuna baraza ambapo anakaa kutwa. Nyuma, ng'ambo ya kiwanja kidogo cha udongo mwekundu, kuna kijumba cha chumba kimoja ambacho sisi tunakiita aneksi. Humo alikaa mdogo wangu. Aliwahi kuchimba kwenye machimbo ya mkono, akaacha kwa sababu ya machozi ya mama, na niliporudi nilimkuta akiuza makala, mkaa wa kupikia, na kuchaji simu za watu kwa jenereta. Magunia yaliingia na kutoka, rafiki zake wawili wakiyabeba, na jenereta ilinguruma tangu asubuhi hadi jua linapotua. Unga nilinunua mimi, mafuta mimi, dawa za baba mimi, na mara nyingine hata mashati ya mdogo wangu. Sikuona tatizo. Nilijiona dada mwema, na sikusita kujisifu kimoyomoyo.

Chipu niliyokuwa nikiibuni wakati ule ilikuwa ya rada ya kulinda kuta za migodi ya wazi. Migodi mikubwa inazo rada za namna hiyo, mitambo mizito inayovutwa kwa magari. Yetu ilitakiwa itoshe kiganjani, na bei yake ifikiwe hata na ushirika wa wachimbaji wa mkono. Nilipoulizwa kama ninautaka mradi huo, sikufikiri mara mbili. Nimekua nikisikia, kila msimu wa mvua, vilio vya akina mama ambao watoto wao wamefunikwa na udongo. Nilitaka kutengeneza jicho ambalo lingeona mapema. Siyo maneno makubwa, ndivyo nilivyojiambia.

Kanuni yake ni nyepesi. Chipu inatoa wimbi, wimbi linagonga ukuta na kurudi, na chipu inalilinganisha wimbi linalorudi na lile linalotoka. Ukuta ukisogea hata kwa unene wa ukucha, tofauti inaonekana, na kompyuta inaichora kama mstari. Mstari ukinyooka, ukuta umetulia. Ukishuka, ukuta unakwenda mbali nawe.

Kanuni ni nyepesi, lakini silikoni ni mkaidi. Kwenye mawimbi yanayotetemeka mabilioni ya mara kwa sekunde, waya si waya tena. Kipande cha shaba ambacho katika redio ya kawaida kingepitisha umeme tu, hapa kinageuka koili, kinageuka antena, kinageuka mwizi. Ukichora koili, silikoni iliyo chini yake inakunywa nguvu ya wimbi. Kwa hiyo tunaipandisha koili hadi tabaka la juu kabisa, lenye shaba nene, na chini yake tunatandika ngao ya vipande vyembamba ili wimbi lisizame. Halafu tunaiga yote hayo kwenye kompyuta, usiku na mchana, kwa sababu kiwanda kikishachonga silikoni hakuna kufuta. Nusu ya kazi yangu ni kuhofia kilicho chini ya kile ninachokiona.

Baba alipenda sana habari ya shaba. Nilipomwambia kwamba nyaya za ndani ya chipu ni za shaba, alitaka kujua ni shaba ya wapi. Nikasema huenda ni ya hapa hapa, imezunguka dunia. Akasema basi iliondoka bila kuaga.

Chipu za kwanza zilitoka kiwandani, zikawekwa kwenye kibao kidogo chenye antena zake, na vibao viwili nikatumiwa mimi, kwa ndege hadi Lubumbashi kisha kwa basi. Nilifungua boksi. Kitu nilichokichora mwaka mzima kama rangi kwenye kioo sasa kilikuwa kitu, kina uzito, hata kama ni uzito wa kipande cha kucha. Nilikiweka kibao kimoja kwenye dirisha langu la nyuma, nikakielekeza ng'ambo ya kiwanja, kwenye ukuta wa aneksi. Sababu yangu ilikuwa rahisi. Kupima chipu kunahitaji kitu kisichosogea, na ukuta hausogei.

Asubuhi ya kwanza mstari ulinyooka vizuri. Kufikia saa nne ulikuwa umeanza kushuka. Ulishuka polepole, bila haraka, mpaka jioni. Alasiri, mgodi mkubwa ulipolipua baruti zake kama kawaida, mstari uliruka na kutulia, vumbi la dari likadondokea kibodi yangu. Hilo la mlipuko nililielewa. Huku kushuka ndiko kulikonikera.

Jioni nilizima kila kitu ili betri zitoshe friji ya dawa za baba, na asubuhi nikawasha upya. Rada ya namna hii ikiwashwa upya inaanza kuhesabu upya, pale inapoukuta ukuta ndipo penye sifuri. Mstari ukanyooka. Saa nne ukaanza kushuka. Kesho yake vilevile.

Mtu yeyote wa kazi yangu angesema neno moja tu: joto. Silikoni ikipata joto, transista zake hubadilika tabia, wimbi hupotoka kidogo, na mstari unashuka ingawa ukuta umesimama. Asubuhi kuna ubaridi, saa nne jua linapiga dirisha, jioni linaondoka. Yote yalipatana. Nilijilaumu, nikarudi kwenye mchoro, nikaanza kubuni saketi ya kusahihisha kosa la joto, ya kuingizwa katika toleo la pili. Wenzangu wa ng'ambo waliandika kwamba wameichoma chipu ileile kwenye tanuri la maabara, na mstari wao haukushuka hata robo ya wangu. Walinishauri nitazame nilivyofunga kibao. Nilikasirika. Niliwajibu kwamba wao hawalijui jua la Katanga, na tanuri la maabara si dirisha la Dilala. Nilijisikia vizuri sana baada ya kuituma barua ile.

Nyumbani nilikuwa nikiyasema haya mezani. Tulikula pamoja jioni, baba, mdogo wangu na mimi, bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo au na samaki wadogo, na nilipochoka nililalamika kama watu wote wenye kazi wanavyolalamika. Nilisema mashine yangu inadanganya. Nilisema inadai kwamba ukuta wa aneksi unatembea kila mchana kama mtu anayekwenda ofisini. Mdogo wangu aliacha kutafuna. Akaniuliza kama nina hakika kwamba ni uongo. Nikamwambia nina hakika, ni joto tu, nitairekebisha. Akatazamana na baba, wakacheka wote wawili, nami nikacheka nao. Wale walicheka kwa kushusha pumzi. Mimi nilidhani ni utani wangu uliowafurahisha.

Kisha alifariki mama mzee mmoja, mjane wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Kwetu kilio ni kazi ya mtaa mzima. Vijana ndio wanaofunga maturubai, wanaoazima viti, wanaolala nje na wafiwa mpaka maziko yapite. Mdogo wangu alikwenda na rafiki zake, jenereta ikanyamaza, na makala hayakuuzwa. Siku zile jua lilikuwa kali kupita kiasi. Kibao changu kilikuwa cha moto mpaka hakishikiki, na nilisema leo nitapata mstari wa kutisha, nitawatumia wale wa maabara waone.

Mstari ulinyooka kutwa. Kesho yake pia ulinyooka, na jua likiwa vilevile.

Nilikaa nikiutazama kwa hasira. Hakuna kitu kinachomuudhi mbunifu kama kosa linaloondoka lenyewe, maana kosa lililoondoka bila sababu litarudi bila sababu. Mazishi yalipokwisha, jenereta ikaunguruma tena asubuhi, na mstari ukaanza kushuka. Nikasema kumbe ni jenereta, umeme wake mchafu unaingia kwenye nyaya zangu. Nilikuwa tayari kubuni saketi nyingine ya kusahihisha kosa la jenereta. Mganga hajigangi, na mimi ningeweza kuendelea hivyo mpaka chipu nzima iwe masahihisho matupu.

Nilichofanya badala yake ni jambo ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angelifanya siku ya kwanza. Nilikigeuza kibao. Nilikielekeza kwenye ukuta wa jirani, karibu umbali uleule, jua lilelile, jenereta ileile ikinguruma. Mstari ukanyooka. Nikakirudisha kwenye aneksi. Ukashuka. Nikakigeuza tena, nikakirudisha tena. Chipu yangu ilikuwa nzima. Haikuwahi kudanganya hata mara moja. Majuma yote yale nilikuwa nimeuamini ukuta na kuishuku chipu niliyoibuni mwenyewe, tena hapa Kolwezi, ambapo kila mtoto anajua kwamba watu huchimba mpaka chini ya vitanda vyao.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilitoka mbio bila viatu.

Mlango wa aneksi ulikuwa umefungwa kwa ndani. Niligonga, hakuna aliyeitika, na jenereta ilikuwa ikipiga kelele pembeni. Niliizima. Ndipo nikasikia. Chini ya nyayo zangu, si mbali, chuma kilikuwa kikigonga jiwe. Kikagonga, kikasita, kikagonga tena. Halafu kikanyamaza kabisa, na hofu niliyoipata pale sijawahi kuipata tena.

Nyuma yangu nilisikia fimbo ya baba. Alikuwa amezunguka nyumba kwa kushika ukuta, mtu ambaye kwa kawaida haendi chooni bila kuninyooshea mkono.

"Washa ile mashini," alisema. "Kuko bantu chini. Njo inabapatia hewa."

Niliiwasha jenereta. Mikono yangu ilifanya kazi hiyo kabla kichwa hakijaelewa alichosema. Kilipoelewa, nilimgeukia na kumuuliza kama alijua. Alisema alijua tangu mwanzo. Ruhusa alitoa yeye, na miti ya kuzuia udongo ni yeye aliyeonyesha mahali pa kuisimamisha. Alisema nyumba ni yake. Mimi nilifichwa kwa sababu kwetu mwanamke hakaribii shimo. Wachimbaji wanasema akifika, madini yanakimbia. Lakini hiyo haikuwa sababu yote, na baba hakuwahi kuwa mtu wa kusema nusu.

"Mudogo yako alikuwa anakufa na haya," alisema. "Mwanaume kukula bya dada yake kila siku, unazani ni kitu kidogo?"

Sikuwa na nafasi ya kuumia, ingawa niliumia. Nilimwambia awaite watoke. Alikataa. Alisema amechunguza ukuta ule kwa macho yake, hauna ufa, na miti ni mizuri, na vijana wameufikia mshipa wenyewe wa madini juma hilohilo. Nikamwambia ukuta unatembea. Akanitazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu anayekumbushwa kesi iliyokwisha kuamuliwa.

"Ni weye ulisema mashini inadanganya," alisema. "Ulisema pa meza. Tulikuitika."

Walikuwa wameniamini, na hapo nilitamani udongo unimeze mimi badala yao. Walikuwa wameisikia rada yangu kabla yangu. Mdogo wangu aliacha kutafuna kwa sababu alikuwa amesikia onyo, akaniuliza, na mimi mtaalamu nikamjibu kwamba ni joto. Akarudi chini akiwa na amani. Baba naye, aliyewatoa watu mashimoni miaka yote ya kazi yake kwa kusikia tu mlio wa mti unaolemewa, aliweka imani yake kwa bintiye aliyesoma.

"Haikudanganya, tata," nilimwambia. "Mi njo nilikosa."

Aliusogelea ukuta wa aneksi, akauwekea kiganja, akakaa hivyo kama mtu anayempima mgonjwa homa. Sijui kama alihisi chochote. Kwenye kona palikuwa na bomba la chuma lililoingia ardhini, ambalo siku zote nilidhani ni la maji machafu. Baba aliinua fimbo yake akaligonga, akapumzika, akaligonga tena, kwa mpigo wa zamani wa mgodini wa kuwaambia watu waache vyombo watoke. Alirudia mpaka tukasikia komeo likivutwa ndani.

Walitoka wale rafiki wawili kwanza, weupe kwa vumbi, wakanikwepa kama watu wanaokwepa moto. Mdogo wangu alitoka wa mwisho, na taa yake ingali inawaka kwenye paji la uso. Nyuma yake niliona kitanda chake kimesimamishwa ukutani, na pale kilipotakiwa kuwa palikuwa na mdomo wa shimo, mweusi, umezungushiwa mbao. Magunia ya makala yalikuwa yamepangwa vizuri, na makala yalikuwa ya juu tu, chini yake ni udongo na mawe ya shimoni.

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Nilianza kumweleza habari ya mstari, ya kugeuza kibao, ya ukuta wa jirani, maneno yakinitoka ovyo, na yeye akanisikiliza mpaka nikaishiwa. Alikuwa akitazama miguu yangu isiyo na viatu, iliyokuwa imekanyaga kizingiti.

"Umefika pa kishimo, yaya," alisema, kwa jina analoniitia mimi dada yake mkubwa. "Basi byote bimekwisha."

Nikamwambia kwamba ni afadhali viishe hivyo kuliko kumzika. Akazima taa yake.

"Kula ni ya kwako, nguo ni ya kwako, hata dawa ya tata," alisema. "Hii tu njo ilikuwa ya kwangu."

Nilitaka kumjibu kwamba nilimpa kwa moyo. Lakini kweli ilikuwa imenifika. Kila nilipoweka kitu mezani niliweka pia jina langu, bila kulitamka.

Alishinda majuma mawili akilifukia shimo kwa mikono yake, yeye na wale rafiki zake, bila kuniruhusu kulipia hata toroli moja la mchanga. Siku shimo lilipojaa, alirudisha kitanda chake mahali pake, akalala usiku mmoja, na asubuhi hakuwepo. Nguo alizochukua ni zile alizojinunulia mwenyewe. Mashati niliyomnunulia aliyaacha yamekunjwa juu ya kitanda, lile la bluu likiwa la juu.

Ukuta wa aneksi haukuanguka. Umesimama mpaka leo, hauna ufa, na hakuna atakayejua kama ungeanguka. Rafiki za mdogo wangu wanasema ungesimama, na kwamba mwanamke mwenye mashine aliwanyima mshipa waliokwisha kuushika. Wananisalimia kwa adabu na kupita upande wa pili wa njia. Nami siwezi kuwathibitishia lolote. Chipu inaona kinachotokea, haioni kile kilichozuiwa.

Kazini mambo yalikwenda vizuri kupita kiasi. Niliondoa saketi ya kusahihisha joto kwenye toleo la pili, nikawaomba radhi watu wa maabara, na wao, badala ya kunicheka, waliomba data za majuma yale yote. Walisema hawajawahi kuona jaribio safi namna ile, ukuta halisi, mwendo mdogo, kila siku kwa saa zilezile. Waliweka mstari wangu kwenye picha za kuwaonyesha wateja. Mmoja aliniuliza nilipata wapi ukuta mzuri hivyo wa kujaribia. Niliandika kwamba ni nyumbani, nikafunga kompyuta, nikaenda kulia chooni ili baba asisikie.

Baba hakunilaumu kwa maneno. Alichofanya ni kubakiza bukari. Kila jioni alikata tonge kubwa, akaliweka kwenye sahani ya mdogo wangu na kulifunika, na asubuhi akawapa kuku wa jirani. Nilimuuliza kama anajua kijana aliko. Alisema watu wanaochimba hawana anwani. Kibao changu kilibaki dirishani. Niliacha kukizima, nikanunua betri nyingine, na mstari ukanyooka usiku na mchana, siku baada ya siku, ule mstari mzuri nilioutamani majuma yote yale. Nilikuwa siwezi kuutazama.

Mvua zilipoanza, zilianza kwa fujo. Jumapili moja, tumetoka misa, simu yangu ililia kwa namba nisiyoijua. Alikuwa yeye. Aliniuliza habari ya miguu ya baba, nikamwambia. Aliniuliza kama kuku wa jirani bado wanaingia kiwanjani, nikamwambia wamenenepa. Nyuma yake nilisikia mvua ikipiga turubai na watu wengi wakizungumza kwa pamoja.

"Yaya," alisema, "ile mashini inaonaka na mulima?"

Nilikaa chini pale pale, kwenye ngazi ya baraza. Nilimwambia inaona, na kwamba kwa kweli ilitengenezwa kwa ajili ya mlima. Nikamuuliza aliko. Alisema yuko upande wa Kisenge, wanachimba manganizi chini ya ukuta mrefu, na tangu mvua zianze wengine hawapendi jinsi ulivyo. Hakusema kwamba yeye ndiye asiyependa. Baba alikuwa ameinua kichwa kwenye kiti chake, akinitazama midomo.

Nilisema nitakileta mwenyewe. Kibao ni mali ya watu wa ng'ambo, na ruhusa niliyowahi kuwaomba kwa ajili ya wachimbaji wa mkono ilikuwa bado haijajibiwa. Niliona itanikuta njiani. Mdogo wangu alikubali, lakini kwa masharti yake, nami sikubishana nayo.

"Ukifika, baki ku gare," alisema. "Ku kishimo usifike. Nitakuja kuikamata mi mwenyewe, na mi mwenyewe nitaiweka."

Nikasema sawa, nitabaki stesheni. Nikaanza kumweleza namna ya kukifunga, kisiguswe na maji, kisitazame turubai, na mstari utakavyoonekana kwenye simu yake. Aliitikia kila neno, mtu ambaye utotoni hakuwahi kunisikiliza hata nikimwambia chakula kimeiva. Nyuma yake mtu alikuwa akimwita, na nilijua mazungumzo yanakwisha.

"Sikia bizuri," nilimwambia. "Siku mustari utashuka, usiseme ni joto, usiseme mashini ni mubaya. Usiniulize hata mi. Toka."

Mvua ikawa nyingi kwenye simu. Kisha akaniomba nimletee na lile shati la bluu.